Chumba Kisichofukizwa Udi

Siku nilipokuwa nikikusanya vikombe vyangu ili nistaafu, vijana wa maabara yetu ya Nizwa, huku Omani, wanaoniita khalti, yaani mama mdogo, waliniuliza: "Khalti Zeyana, zamani, kabla sisi hatujaja, mlikuwa mkifanyaje kazi?" Nikawajibu, "Kwa subira." Wakaangua kicheko, maana subira ndiyo kitu ambacho mimi Mungu hakunijaalia, na wao wanajua. Wakaniambia basi andika. Haya, naandika. Vyeo sivitaji, havikuwa vingi. Mshahara nao ulikuja kila mwisho wa mwezi ukaenda zake, na njia uliyopita kila mwenye watoto anaijua.

Kwa asiyeijua kazi yetu, nitaieleza kama nilivyomweleza mama yangu, kule Ibra tulikohamia toka Unguja, mara zisizohesabika. Kila chembe ya damu imevikwa utando mwembamba wa mafuta. Chumvi haiwezi kupenya mafuta. Kwa hiyo ndani ya ule utando Mungu ameweka protini, na baadhi ya protini hizo ni milango. Huu hupitisha chumvi ya potasiamu peke yake, ule hupitisha sodiamu peke yake, na mlango haukosei. Unajuaje nani wa kumpitisha na nani wa kumrudisha? Basi hapo ndipo umri wangu ulipokwishia.

Katika damu ya wenye selimundu kuna mlango mmoja unaofunguka pasipo wakati wake. Potasiamu hutoka, maji huifuata, na chembe hukauka kama tende iliyosahauliwa juani. Ikishakuwa ngumu huziba mishipa, na mtoto wa watu hulia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Sisi tulitaka kuujua mlango ule unafunguka vipi, ili siku moja wengine watengeneze dawa ya kuufunga.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kwa hivyo weye unakusanya damu za watu?"

"Ndiyo, mama."

"Unazitia kwenye barafu?"

"Ndiyo."

"Mwanangu, kwetu Unguja mtu wa namna hiyo tukimwita mumiani."

Tangu siku hiyo kila mgeni aliyeingia nyumbani alijulishwa: huyu binti yangu ni mumiani, lakini wa serikali, msiogope.

Nilifika Nizwa mwanzoni mwa miaka ya tisini, nimetoka kusoma Poland, nina masanduku mawili na maringo ya kutosha. Aliyenipokea ni Dokta Nasoro. Wazee wake walikuwa na duka Bujumbura, naye Kiswahili chake ni cha huko huko, kila sentensi lazima "kabisa" moja iwemo. Mimi mtoto wa Malindi, Unguja, nikajiambia, yarabi, nimekuja kufundishwa na mtu asemaye hivi. Baada ya siku chache nilikuwa nasema "kabisa" mwenyewe.

Maabara ilikuwa chumba kimoja uani, mbali na wenzetu. Katikati kuna meza nzito inayoelea juu ya mito ya hewa, ili lori likipita barabarani isitikisike. Juu ya meza kuna hadubini, na hadubini imezungushiwa kizimba cha waya cha kuzuia umeme wa nje, maana umeme tunaoupima sisi ni mdogo hata taa ya darini huupigia kelele. Fundi aliyekuja kukifunga kile kizimba aliniuliza kuku wenyewe wataletwa lini. Nikamwambia kesho.

Wiki yangu ya kwanza sikuona damu. Nilivuta vioo. Unachukua mrija mwembamba wa kioo, mashine inaupasha moto katikati, inauvuta, unakatika na kuwa na ncha ambayo jicho tupu haliioni. Dokta Nasoro alikuwa akikagua kazi yangu kwa hadubini na kuhukumu: "Hii ya kutupa. Hii ya kutupa kabisa. Hii, dada Zeyana, tutaitupa lakini kwa heshima."

Kisha ndiyo unaisogeza ile ncha hadi iguse utando wa chembe, na unavuta hewa kwa mdomo, kwa mpira mwembamba, ili kioo na mafuta vibanane. Ukivuta sana chembe inapasuka. Ukivuta kidogo haibani. "Vuta kama unakunywa kahawa ya moto nyumbani kwa mkweo," aliniambia, "wasikusikie." Kioo kikibanana sawasawa, kelele zote za kwenye skrini hunyamaza na mstari hutulia. Hapo sisi tulikuwa tukisema kwa sauti, "Imeshika!" Neno hilo ndilo lililokuwa furaha ya kazi yetu, na kuna wiki nzima hatukulisema.

Mara ya kwanza iliposhika mkononi mwangu, mstari ulitulia, kisha ukaruka juu, ukakaa kidogo, ukashuka. Ukaruka tena. Ilikuwa ni protini moja, mlango mmoja, unafunguka na kufungika mbele ya macho yangu! Nililia, sioni haya kusema. Dokta Nasoro akanipa leso na kuniambia, "Lilia kule, dada. Machozi yana chumvi, utatuharibia vipimo."

Alikuwa na jambo moja lililowashangaza watu wote wa Nizwa. Hawezi udi. Ukifukizwa nyumba ya tatu, yeye anapiga chafya mpaka kofia inaanguka. Katika nchi hii, ambapo watu hufukiza nguo, nywele, magari na hata birika la maji ya kunywa, mtu kama huyo ni mtihani. Mkewe alikuwa akifukiza nguo zake kwa jirani. Kwa ajili ya pua ile, chetezo hakikupata kuvuka mlango wa maabara, na mimi nilitenga nguo za kazini zisizonukia kitu, nikawa nazikunja peke yake kabatini. Tulimtania sana. Hakuna aliyedhani kwamba pua ya Dokta Nasoro ina faida yoyote duniani.

Baadaye alihamia mji wa Sur kufundisha, karibu na binti yake, akaniachia funguo na kizimba. Mwaka huo huo akaja Raya.

Raya alikuwa msichana wa mji wa Adam, amemaliza fizikia, mwembamba, mkaidi, na Kiswahili chake amekiokota kwa bibi yake akakichanganya na Kiarabu. "Khalti, ile mlango ya potasiamu, mimi lazima nione kwa macho yangu," ndiyo maneno yake ya kwanza kwangu baada ya shikamoo. Nikamuuliza kwa nini huo na si mwengine. Akaniambia mdogo wake ana selimundu. Nikamwonyesha mashine ya kuvuta vioo.

Baba yake, Ami Hamed, alikuwa mfanyabiashara wa mbuzi. Alimleta kila asubuhi kwa gari lake la kubebea mifugo na kumfuata alasiri. Sharti lake lilikuwa moja: mwanawe alale kwao. Raya alikubali, nami nikaona ni haki yake mzee. Akajifunza kazi upesi kuliko nilivyojifunza mimi, na mkono wake, mashaallah, haukutetemeka.

Hapo ndipo likatufika. Kituo chetu kilihamishiwa jengo jipya, tukapewa chumba kizuri chenye ukumbi mbele yake na kiyoyozi cha kisasa. Tukapewa pia mkurugenzi mpya, Bwana Said, mtu mkarimu na msafi, aliyenyoosha vitambaa vya meza kwa mkono wake mwenyewe. Haukupita muda tukaarifiwa kwamba kamati itakuja kutoka Maskati kuangalia kama mashine zetu zinatumika. Zikionekana zinafanya kazi, zitabaki Nizwa. Zikionekana zimekaa tu, zitapelekwa Maskati, na anayetaka kuzifuata azifuate.

Mimi ningeweza kuzifuata. Raya hakuweza. Nilikwenda kumsemea kwa Ami Hamed, akanikaribisha, akanilisha, akaniambia kwa upole, "Bi Zeyana, Nizwa nimekubali kwa sababu yako. Maskati usiniombe." Ikawa mashine zikiondoka, Raya anarudi Adam, na ule mlango wake ndiyo basi tena.

Na tazama kudra ya Mungu, siku zile zile kioo kikakataa kushika.

Si siku moja, si wiki moja. Tulibadilisha vioo, tukabadilisha maji ya chumvi, tukaosha kila chombo mara mbili, tukaomba damu mpya hospitali. Kioo kinagusa chembe, unavuta, kinateleza. Raya alikuwa akiinamia hadubini toka asubuhi, akiinuka macho mekundu. "Khalti, mimi mkono yangu imeharibika," akasema siku moja, na akalia kwa kwikwi. Nilimkumbatia, lakini moyoni niliogopa kuliko yeye.

Nikampigia simu mama. Akasema bila kufikiri, "Hilo jicho. Mmepata jengo zuri, watu wameona." Akatuma udi wake wa akiba, ule wa kulowekwa kwa mafuta na marashi, anaoutoa arusi kwa arusi. "Fukizeni hiyo mashine yenu, mumsomee na huyo mtoto."

Basi tulifukiza! Tulifukiza kizimba, tukafukiza hadubini, tukafukizana wenyewe mpaka kwenye mikono ya nguo. Bwana Said alipita akavuta pumzi akasema, "Allah, leo mnanukia vizuri." Jioni ile hata chembe moja haikukaribia kushika. Kabla ya hapo walau zilikuwa zikitutania.

Siku zile tulikuwa tukipumzika Alhamisi na Ijumaa, nami hupanda gari Jumatano jioni kwenda Ibra. Wiki hiyo sikwenda, sikuwa na uso wa kumkabili mama na udi wake. Ijumaa asubuhi Ami Hamed alikuja Nizwa kwenye soko la mbuzi, akamteremsha Raya kituoni amngojee kwangu. Msichana amekaa nyuma na mbuzi majike wawili waliotoka kuzaa, anavyonuka nisiseme. Mimi mwenyewe nilikuwa na kanzu ya kufanyia usafi. Jengo zima hamna mtu. Tukasema tusikae bure, tuvute vioo.

Imeshika. Mara ya kwanza! Na ya pili ikashika, na ya tatu. Raya akawa anaruka ndani ya chumba, mimi nikamfukuza kwa mkono asitikise meza, kumbe ninaruka mimi.

Jumamosi tukaja tumepambika, tumejiamini. Hamna kitu.

"Basi protini zinapenda mbuzi," nikasema kwa hasira. Nikampigia Dokta Nasoro Sur. Nikamweleza yote. Kisha akauliza, "Ijumaa kitu gani hakikuwepo?"

Nikataja: wafagizi, wageni, simu, Bwana Said. Raya, aliyekuwa ameegemea mlango, akageuka kutazama ukumbini, ambako kila asubuhi kwa amri ya mkurugenzi chetezo hupitishwa toka mwanzo mpaka mwisho, ili kamati ikute panapokaliwa na watu wastaarabu. Moshi ulikuwa ukivutwa na kile kiyoyozi kipya na kuingizwa kwetu kwa utaratibu mzuri.

"Khalti," akasema. "Chetezo."

Dokta Nasoro alicheka simuni mpaka akapaliwa. "Miaka yote ile," akasema, "nilidhani ninailinda pua yangu tu. Kabisa!"

Hatukuamini kwa maneno. Tuliweka sahani mbili za maji ya chumvi, moja imefunikwa, nyengine iko wazi ukumbini wakati chetezo kikipita. Kisha tukazitazama kwa hadubini. Ya kwanza safi. Ya pili juu yake pana vijipunje vyeusi na utando wa mafuta unaong'aa. Kioo chetu kilikuwa kikijipaka mafuta ya udi kabla hakijayafikia mafuta ya chembe, na kitu kilichokwisha pakwa mafuta kitashika nini tena? Na sisi tulikuwa tukijiongezea dawa ile ile inayotuua.

Sasa ikabaki kumwambia Bwana Said. Alinisikiliza huku akinyoosha kitambaa cha meza.

"Bi Zeyana, unataka niwapokee watu wa Maskati bila udi?"

"Mpaka wamalize kuona kazi, Bwana Said. Nakuomba."

"Watasema wameingia kwenye msiba."

"Wakiona mstari umelala kwenye skrini, msiba ndiyo huo."

Akaacha kunyoosha kitambaa. Kwa mtu kama yeye lilikuwa jambo kubwa, nami namheshimu mpaka leo kwa jibu lake. "Chetezo nitakitia makaa," akasema, "lakini kitakaa majlisi, sebule ya wageni upande wa pili wa jengo, mpaka weye unipe ishara."

Siku ya kamati ikafika, na kosa letu tukaliona waliposhuka garini. Wageni wenyewe walikuwa wameloa udi! Harufu ilitangulia kabla ya salamu. Mwenyekiti wao, Mzee Talib, alikuwa Mwarabu wa Unguja wa zamani, joho lake unalinusia toka getini. Nikasema kimoyomoyo, hawa wakiingia chumbani tumekwisha. Nikawakalisha ukumbini mbele ya skrini, ambayo tuliitolea waya kupitia tundu la ukutani, na mlango nikaufunga, kiyoyozi nikakizima. Ndani alikuwa Raya peke yake. Alikuwa ameletwa na gari la mbuzi kwa makusudi, na nguo zake hazikufukizwa toka wiki iliyopita. Bibi yake alikaribia kuugua kwa aibu.

Kahawa ikapita, halwa ikapita. Mstari kwenye skrini unatetemeka tu, haushiki. Kahawa ikapita tena. Mmoja wa wajumbe akaanza kutazama saa. Mzee Talib akaniuliza habari za Malindi, nani yu hai na nani keshafariki, namjibu huku jicho langu liko kwenye skrini.

Mwishowe akainuka. "Hebu yakhe, nikamwone huyo mtoto anafanyaje humo," akasema, na mkono ukaenda kwenye kitasa.

Ungefanyaje? Kumshika mkono mtu mzima huwezi, kumkataza ni utovu wa adabu. Nikamtazama Bwana Said na kutikisa kichwa kuelekea majlisi. Akaelewa. Akatoweka, na mara tukamsikia kwa sauti yake ya juu kabisa toka mlangoni mwa majlisi, "Karibuni udi, wazee wangu! Karibuni!"

Mkono ukaacha kitasa. Udi ukikaribishwa hukatai, wala humwachi mwenyeji amesimama na makaa mkononi. Mzee Talib akageuka, joho linapepea, na wenzake wakamfuata. Nikabaki peke yangu mbele ya skrini.

Na kwa ndani nikasikia sauti nyembamba ya Raya, haina hata nguvu, "Imeshika."

Mstari ukatulia. Ukaruka. Ukashuka. Ukaruka tena na kukaa juu kwa muda mrefu, ule mlango wa ndugu yake uko wazi. Nilisahau adabu zote. Nilipiga kigelegele katika jengo la serikali.

Wakarudi mbio, wananukia, Bwana Said nyuma yao na chetezo; nikamwonyesha mkono asisogee. Nikawaeleza wanachokiona. Mjumbe mwenye saa akasema kwa Kiarabu ile kauli ya wenyeji wote wa nchi hii, kwamba baada ya udi hakuna kukaa. Mgeni akishafukizwa ameagwa, ni kwenda zake. Akatafuta viatu.

Mzee Talib hakubandua macho kwenye skrini. "Kweli, hakuna kukaa," akasema. "Basi tutasimama."

Akasimama mpaka adhana ya adhuhuri, mikono nyuma, kama mtoto anayetazama sinema. Mashine zilibaki Nizwa.

Yaliyofuata yalikuwa miaka ya kazi tu, na kazi nzuri haina mengi ya kuhadithia. Tuliujua ule mlango zaidi, tukaandika tulichokiona, wengine huko duniani wakaendeleza. Dawa yenyewe bado, nasikia wanaikaribia. Mdogo wake Raya ameoa. Mama alikufa akiamini ni udi wake ulioondoa jicho, nami sikumbishia. Mlangoni tulibandika ilani kwa lugha tatu, udi mwiko, na Raya alipokuwa mkuu wa chumba aliisimamia kwa ukali ambao Dokta Nasoro mwenyewe hakuwa nao. Niliwahi kumwona akimrudisha bibi harusi.

Siku yangu ya mwisho walinifanyia chai majlisi. Hotuba zikasemwa, nikapewa saa, kitu ambacho mstaafu hana haja nacho. Kisha Raya akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwetu, na wale vijana wote wakatufuata. Kizimba kilikuwa wazi. Juu ya ile meza inayoelea palikuwa na chetezo, makaa mekundu.

"Raya, una wazimu?" nikasema. "Mtaosha hiki chumba hata lini?"

"Tutaosha, khalti. Kazi itangoja." Akatia udi kwenye makaa kwa mkono ule ule ulioshika vioo miaka yote. Akainua chetezo, akanifukiza mkono mmoja, kisha wa pili, kisha mtandio. Huyu ndiye aliyekuja kazini akinuka mbuzi ili chumba hiki kisipate hata pumzi moja ya moshi.

Nikaona machozi yananijia na sikwenda kulilia mbali. Nikamwambia, "Baada ya udi hakuna kukaa, mwanangu."

"Najua, khalti," akasema, na mkono hakuuachia. "Basi tutasimama."